Mafungu Arobaini na Moja ya Mchicha

Vijana wa shamba, tangu siku ya kuniaga mmenipigia simu kwa zamu kama mmepangiana: "Mzee Hamisi, tuandikie ulivyoanza." Haya. Nimekaa barazani, mguu mbovu nimeunyoosha juu ya kigoda, naandika. Anayetafuta habari za vyeo na mishahara asijichoshe macho. Vyeo nilivipata kwa sababu walionitangulia walizeeka, na mshahara wenyewe mnaujua, ndio huohuo mnaoulalamikia kila mwisho wa mwezi.

Nilianza uanagenzi nikiwa na miaka arobaini kamili. Wenzangu watatu tulioanza pamoja walikuwa watoto wa ishirini na kitu, wakaniita "Baba" tangu asubuhi ya kwanza, na sikufurahi. Kabla ya hapo niliuza mboga Kariakoo miaka kumi na minne. Nilijua kupanga nyanya ili zilizopondeka zikae chini, nilijua kunyunyizia mchicha maji uonekane umechumwa sasa hivi, nilijua kumsoma mteja kabla hajafungua mdomo. Kilimo chenyewe nilikijua kama abiria anavyojua kuendesha basi.

Tangazo alilileta mke wangu, Mwajuma. Alilisoma kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, alikokwenda kufuata barua ya utambulisho. Shamba la mboga ng'ambo ya pili, Kigamboni, linatafuta watu wa kujifunza usimamizi wa kilimo hai kwa miaka miwili, na watalipwa wakati wanajifunza.

"Kilimo hai ndiyo nini?" nikamuuliza.

"Wanalima bila dawa za dukani."

"Na wadudu wanawaambiaje?"

"Nenda kawaulize. Mimi nimechoka kusikia faida ya kesho."

Nikavuka pantoni ya asubuhi pale Magogoni, nimevaa shati la pasi na viatu vya kwendea sikukuu. Msimamizi wa shamba alikuwa Bi Tatu, mwanamke wa Newala aliyekuwa anakaribia miaka sitini na tano, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka mwisho wa shamba. Ndiye aliyelianzisha lile shamba na ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachokijua. Niliinama nikamwamkia.

"Marahaba," akasema, akinitazama viatu. "Umealikwa harusini?"

Akanipeleka kwenye lundo la mboji, akaniambia nichomeke mkono. Ndani kulikuwa na samadi ya ng'ombe, majani makavu, maganda na vitu ambavyo sikutaka kuvijua. Nikachomeka mpaka kiwiko.

"Unasikia nini?"

"Moto."

"Moto kiasi gani?"

"Sijui, Bi Tatu. Moto tu."

"Basi kaa hapohapo mpaka ujue."

Alikuwa na fimbo ya kupimia, mti mkavu wenye urefu wa mtu. Unaichomeka kwenye mboji, unakwenda kunywa chai, ukirudi unaichomoa na kuishika. Ikikuunguza, geuza lundo. Ikiwa ya vuguvugu, liache lifanye kazi yake. Ikiwa ya baridi, ulikosea tangu chini na itabidi uanze upya. Leo mnapima kwa kifaa kinachoandika namba, sawa. Mimi nilishika ile fimbo miezi minne kabla Bi Tatu hajaniruhusu niseme neno "tayari".

Mambo mawili ya shamba lile niliyaona ya kipuuzi. La kwanza, kila chombo kilipakwa mstari mweupe wa rangi kwenye mpini: majembe, reki, ndoo, na mabomba mawili ya mgongoni ya kunyunyizia. Chombo kisicho na mstari kilikuwa hakivuki uzio, kiwe cha jirani, kiwe cha mtume. Nilidhani ni woga wa wezi uliochanganyika na uchoyo kidogo. La pili lilikuwa daftari. Kila tuta lilikuwa na namba, na kila fungu la mboga lililotoka liliandikwa limetoka tuta lipi na limeishia kwa nani.

"Bi Tatu, miaka kumi na minne Kariakoo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza namba ya tuta," nilimwambia.

"Na siku akikuuliza utamwambia nini?"

"Nitamwambia mboga ni safi."

"Ndiyo maana nakufundisha kuandika."

Alinisema sana, sikatai. Mwezi wa kwanza nilikuwa nachambua mchicha na kutupa kila jani lenye tundu, maana sokoni jani lenye tundu ni aibu. Akanikuta na kilima cha majani mazuri miguuni. "Hamisi, unachagua mboga au unachagua mchumba? Mdudu kala pembeni, wewe kula katikati. Mdudu akikataa kula, hapo ndipo uogope." Nikajifunza kuwaeleza wateja hivyohivyo, na maneno yale yaliuza kuliko ile mboga yenyewe.

Hapo ndipo nilipopata sifa. Shamba lilikuwa linalima vizuri lakini halijui kuuza, na mimi nilikuwa na wateja wangu wa zamani, familia za wenye maduka wanaokaa kwenye maghorofa ya Kariakoo. Nikawaendea mmoja mmoja. Wengi waliniuliza watajuaje kama kweli hakuna dawa. Niliwajibu, "Mnanijua mimi. Dhamana naibeba mimi." Kila Jumanne nikawa navusha matenga kwa pantoni, napata mkokoteni, nafika Kariakoo kabla jua halijachoma. Mwaka wa pili nilikuwa na nyumba arobaini na moja. Bi Tatu, ambaye kusifu kulimuuma kama kung'olewa jino, alisema, "Umejitahidi."

Niwaeleze pia habari ya kikundi, maana vijana wa sasa mnadhani nembo yetu ya kilimo hai inatolewa na ofisi fulani yenye kiyoyozi. Tulikuwa mashamba tisa, tunakaguana wenyewe. Leo nakuja kwako, nachimba, nanusa, nafungua stoo. Kesho unakuja kwangu. Na kanuni kubwa ilikuwa moja: kosa unalisema mwenyewe kabla hujaulizwa. Atakayegunduliwa amelificha anatoka yeye na shamba lake zima. Bi Tatu ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

Sasa nifike kwenye Jumapili yenyewe. Ilikuwa imebaki miezi mitatu nimalize uanagenzi. Bi Tatu alikwenda msibani Mbagala, akaniachia shamba. Vidukari walikuwa wamevamia tuta la sita, la mchicha, na mstari wa nyanya uliopandwa pembeni yake. Nilikuwa nimetwanga majani ya mwarobaini na kuyaloweka tangu jana yake, na dawa ile haingoji, ukiichelewesha inachacha. Nikachukua bomba letu la kwanza, mpini umekatika. La pili, washa ya ndani, kile kipira cha kuzuia maji, imeliwa, maji yanamwagika mgongoni badala ya kutoka mbele.

Jirani yetu, Mzee Kibwana, alikuwa analima mahindi upande wa pili wa uzio. Mtu mwema, tulisalimiana kila asubuhi. Nikamwomba bomba lake akanipa bila swali, tena akaniambia nisiharakishe kulirudisha. Nililisuuza mara tatu kwa maji mengi. Nililichungulia ndani, lilikuwa linang'aa. Nikanyunyizia mwarobaini wangu kwa ustadi mkubwa, juu ya jani na chini ya jani kama nilivyofundishwa, nikamrudishia bomba lake pamoja na figiri za shukrani. Moyoni nilijipongeza. Sikufikiria mstari mweupe hata kidogo. Kule nilikotoka, jirani akikuazima chombo unashukuru, humchunguzi.

Jumanne alfajiri tukachuma mchicha wa tuta la sita, vidukari wamepungua, majani mazuri. Mafungu arobaini na moja, kila nyumba fungu moja. Nikagawa yote na saa sita mchana nilikuwa nimerudi ng'ambo. Nikamkuta Bi Tatu amesharudi kutoka msibani, amechuchumaa kwenye mstari wa nyanya. Vikonyo vya juu vilikuwa vimejisokota na majani yamekunjamana kama karatasi iliyokaribia moto.

"Hamisi, ulinyunyizia nini hapa?"

"Mwarobaini."

"Kwa bomba gani?"

Nikamwambia. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye uzio, akamwita Mzee Kibwana, akaomba aletewe bomba. Akafungua kifuniko na kunusa. Akanipa na mimi ninuse. Harufu ilikuwa kali, ya dukani, imejificha kwenye mpira wa bomba.

"Hili natilia dawa ya kuua magugu," akasema Mzee Kibwana, na uso umemshuka. "Mimi nilijua mnataka kusafisha njia. Nyinyi mnanyunyizia mboga?"

"Mchicha wa tuta la sita uko wapi?" Bi Tatu akaniuliza, na alikuwa anajua jibu.

"Kariakoo."

"Wote?"

"Wote."

Nilianza kusema kwamba nimesuuza mara tatu, kwamba kilichobaki ni kidogo mno, kwamba watu pale mjini wanakula makubwa zaidi ya hayo kila siku na wanaishi. Yote hayo huenda ni kweli. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Chukua daftari. Tunakwenda kuufuata kabla haujapikwa."

"Si tuwapigie simu?"

"Simu inabeba mchicha?"

Tulijaza matenga mawili matembele ya tuta la kumi na moja, ya kubadilishana, tukavuka. Tulifika Kariakoo saa tisa. Bi Tatu miguu yake haikupenda ngazi, kwa hiyo alikaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, kando ya muuza kahawa, na tenga tupu mbele yake. Mimi nilipanda. Nyumba kwa nyumba, ghorofa kwa ghorofa, daftari mkononi, nabisha hodi naomba mboga niliyoiuza asubuhi.

Mnaijua Kariakoo. Kila duka lina karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mimi mwenyewe niliishi kwa karatasi ile miaka kumi na minne. Mzee Seif wa duka la vitenge alidhani nimeugua.

"Umeuza, unarudi kuomba mali yako? Hamisi, umelogwa?"

"Ina kosa, Mzee Seif. Nilinyunyizia kwa bomba lisilo letu."

"Mbona unaonekana mzuri?"

"Ndiyo, unaonekana mzuri."

Alinitazama sana. Akamwita mkewe, akaleta fungu. Alipolipokea tembele alicheka mpaka akaita majirani waje waone mtu wa Kariakoo anayerudisha. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilikuwa ghorofa ya pili.

Nyumba nyingine mchicha ulikuwa umeshabandikwa. Mama mmoja alinifungulia mlango na mwiko mkononi, nazi inanukia.

"Nimeshaunga! Utachukua na tui langu?"

"Nitachukua na sufuria, mama, nikurudishie sasa hivi."

"Makubwa!" akasema, lakini akaipua. Nikashuka na sufuria ya moto nimeishika kwa kanga yake, wachukuzi wananipisha na kuuliza shughuli iko wapi. Bi Tatu aliupokea kwa adabu zote, akaumwaga kwenye ndoo, akaisuuza sufuria kwa maji ya muuza kahawa, akanipa nipande nayo. Alikuwa anaweka alama kwenye daftari kila fungu lilipoteremka. Si wote walionichekea. Wengine walinirudishia mboga na kuniambia nisibishe hodi tena. Mmoja aliniambia, "Nilikuwa najua tu," na hilo liliniuma kuliko matusi.

Jua lilipoanza kuzama tulikuwa na mafungu arobaini, ukihesabu na yaliyotoka na nazi. Limebaki moja. Ghorofa ya nne, kwa Mama Shayo.

Mama Shayo ni mtu wa Rombo. Yeye na mumewe walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale chini. Alikuwa mteja wangu tangu niko sokoni, mgumu, haibiwi hata mzani wa pilipili. Binti yake Neema alikuwa mjamzito wa miezi saba, amekuja kujifungulia kwa mama yake. Daktari alimwambia damu imepungua, ale mboga za majani, na Mama Shayo alinichagua mimi kati ya wauzaji wote wa Kariakoo kwa sababu nilimwambia dhamana naibeba.

Nilieleza nikiwa nimesimama mlangoni. Neema alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu juu ya mto.

"Ameula mchana," Mama Shayo akasema. "Wote. Nilimlazimisha amalize." Akanisogelea. "Umemlisha nini mwanangu?"

"Dawa ya magugu, mama. Iliyobaki kwenye bomba. Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Sijui."

"Basi usiseme kidogo."

Niliogopa, vijana. Nimewahi kukutana na nyoka kwenye matandazo ya nyasi, nimewahi kuona mafuriko ya Jangwani yakimchukua mtu nikiwa nimesimama ukingoni, lakini woga wa ghorofa ile ya nne sijaupata tena. Neema alishika tumbo.

Nyuma yangu nikasikia mtu anahema. Bi Tatu alikuwa amepanda ngazi zote. Aliegemea fremu ya mlango mpaka pumzi iliporudi, akasema, "Mama, mimi ndiye msimamizi wa shamba. Huyu ni mwanafunzi wangu. Twende hospitali, sote."

Tulikwenda. Bi Tatu alimtajia daktari jina la dawa, alikuwa amelinakili kutoka kwenye kopo la dawa la Mzee Kibwana kabla hatujaondoka, na mimi sikuwa hata nimefikiria kufanya hivyo. Daktari alimpima Neema na kusikiliza moyo wa mtoto. Alisema haoni tatizo, ila kutokuona si kusema halipo, arudi kila wiki, na Mungu ni mkubwa. Mama Shayo hakunitazama tena siku ile.

Jumamosi kikundi kilikutana. Bi Tatu alinisimamisha mbele nikaeleza mwenyewe, tangu washa iliyokufa mpaka sufuria ya nazi. Mkulima mmoja akapendekeza nifukuzwe. Mwingine akasema kwa kuwa mboga imerudishwa, yaishe kimyakimya, nani atajua? Bi Tatu akamjibu, "Nyumba arobaini na moja zinajua. Tumezigongea wenyewe." Tuta la sita na yanayolizunguka yakavuliwa nembo kwa miaka mitatu. Bi Tatu akajivua uenyekiti kabla hajaombwa. Mimi nikabaki. Nilipomuuliza kwa nini hakunifukuza, alisema hana muda wa kufundisha mwingine kushika fimbo ya mboji. Sikupata maelezo zaidi ya hayo na sikuyatafuta.

Wateja wakabaki kumi na tisa. Kila Jumanne nilipeleka mafungu kumi na tisa, na nikimaliza napanda ghorofa ya nne mikono mitupu kumjulia hali Neema. Mama Shayo alinijibu kupitia nondo za mlango, bila kufungua. "Yupo. Nenda." Wiki nane. Usingizi ulikuwa haba. Mwajuma alinikataza kuota kwa sauti. Nilikuwa namtafuta kila mtu anayejua dawa za kilimo anieleze kiasi kile kinaweza kufanya nini kwa mtoto tumboni, na kila mmoja alinipa jibu lake.

Kisha Mama Shayo akanipigia simu. "Njoo." Basi, neno hilo tu. Nilimwomba Bi Tatu tuende wote akakataa. "Umeitwa wewe," akasema.

Safari hii mlango ulifunguliwa. Neema alikuwa kitandani, amechoka, anatabasamu. Mama Shayo akamchukua mtoto, msichana, akamfunua kanga mbele yangu.

"Hesabu," akaniambia.

"Mama..."

"Hesabu vidole. Kwa sauti."

Nikahesabu. Mikononi kumi. Miguuni kumi. Kufika cha mwisho machozi yalikuwa yameshanitangulia. Mtoto akapiga chafya. Mama Shayo akamfunika tena, akamrudisha kwa mama yake, akanikalisha mezani na kunimiminia chai.

"Nimekusamehe, Hamisi. Nimekusamehe mbele ya Mungu na sitalirudia hili neno. Wengine wangenyamaza, nisingejua mpaka leo." Akanisogezea sukari. "Ila mboga yako haiingii tena jikoni kwangu."

"Mboga ni ya shamba, mama. Ni ya Bi Tatu."

"Ya Bi Tatu sijaikataa. Nimekataa ya mkononi mwako."

Nilidhani ni hasira ya mwezi mmoja. Nilimaliza uanagenzi, nikaajiriwa, Bi Tatu akazeeka akarudi Newala kwa wanawe, na huko amezikwa. Nikawa msimamizi. Tuta la sita lilirudishiwa nembo, wateja wakarudi, wakazidi, sasa mnajua wenyewe kwamba tunawakosesha mboga kila wiki. Mama Shayo hakurudi. Kuna mwaka nilimtuma kijana mwingine ampelekee, nikijiona mjanja. Alimuuliza, "Nani msimamizi huko?" Akaambiwa Mzee Hamisi. Kijana akarudi na mboga yake, na chapati mbili za kuniletea mimi.

Maana chai haikukatika. Kila Jumanne nilipomaliza kugawa nilipanda ghorofa ya nne, nikakaribishwa, nikalishwa ndizi nyama na mchicha. Mchicha wa sokoni, mpana, unang'aa, hauna hata tundu moja. Nilikula. Siku moja uvumilivu ulinishinda, nikamuuliza kama anajua ulikolimwa.

"Sijui," akasema. "Na aliyeniuzia hakuniambia kwamba anajua."

Sikumuuliza tena. Nimewafundisha wengi wenu kuandika daftari kwa sababu ya jibu lile, ingawa sikuwahi kuwaambia lilikotoka.

Jumanne yangu ya mwisho kazini nilipanda ngazi zile polepole, goti linalalamika. Aliyenifungulia ni Furaha, yule mtoto wa vidole ishirini, sasa anasubiri kwenda chuo. "Shikamoo babu, pita." Mama Shayo alikuwa mezani na miwani yake, ameshapoza chai yangu kwa kuimiminia kwenye sahani, maana anajua siwezi ya moto.

"Nasikia unastaafu."

"Ijumaa."

"Nani anashika shamba?"

"Anaitwa Rehema. Alianza uanagenzi palepale kama mimi. Ana akili kunizidi."

"Ameshakosea?"

Nilifikiri kidogo nisimdanganye. "Bado."

Akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya kitenge. "Basi mwambie aniletee mafungu mawili, Jumanne ijayo. Aje mwenyewe."

Nikatoa daftari mfukoni, nikaandika kwenye orodha: Mama Shayo, ghorofa ya nne, mchicha, mawili. Mwandiko ulikwenda upande. Furaha aliyekuwa anaondoa vyombo akasimama akanitazama.

"Babu, mbona unalia?"

"Silii," nikamwambia. "Nimepata mteja."